Paka wangu kapimwa, kaambiwa ana korona: ni ile ya Uviko?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina paka dume wa miezi kumi, tulimwokota soko la samaki akiwa mdogo sana. Wiki ya tatu sasa anakonda mgongo mpaka mifupa inahesabika, lakini tumbo linazidi kujaa. Anashinda amelala na homa haishuki hata baada ya sindano za antibayotiki. Daktari wa mifugo hapa Tanga alimtoa damu, majibu yakaja kwamba ana kingamwili za virusi vya korona, akaniambia ugonjwa huu hauna dawa. Nyumbani nina mtoto wa miaka sita mwenye pumu, na paka wengine wawili. Mama mkwe anasema huyu atolewe leo hii kabla hajatuletea Uviko. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na mtoto, maana najua ndiye anayekukosesha usingizi. Virusi alivyopimwa paka wako havimwingii binadamu. Vinaishi ndani ya paka dunia nzima, kwenye nyumba za watu, na wanaolala nao kitanda kimoja hawaugui kwa sababu yake. Mtoto mwenye pumu anaweza kusumbuliwa na manyoya na mate ya paka yaliyokauka, ila hiyo ni habari ya mzio na inamhusu paka yeyote, mzima au mgonjwa. Kwa hiyo mweleze mama mkwe kwa upole kwamba hakuna sababu ya kumtoa paka leo.

Korona ni jina la ukoo. Virusi hivi vikitazamwa kwa darubini kali vinaonekana vimezungukwa na miiba kama taji, ndipo jina lilipotoka. Ndani ya ukoo huo kuna matawi, na kila tawi lina watoto wake. Ng'ombe ana korona yake, nguruwe ana yake, mbwa ana yake. Wafugaji wa kuku wanaijua ya kwao hata kama hawaiiti hivyo: chanjo ya IB wanayowapa vifaranga ni kinga dhidi ya korona ya kuku. Ya paka wako iko tawi la alfa. Ya Uviko-19 iko tawi la beta. Ni ndugu wa mbali, na hawaingii mwilini kwa mlango mmoja.

Hata hivyo mama mkwe hakuzua tu. Uviko nao uliwaingia paka kweli. Machi 2020 huko Liège, Ubelgiji, paka wa mtu aliyerudi kutoka Italia akiwa mgonjwa aliharisha, akatapika na kupumua kwa shida, na vinasaba vya virusi vikapatikana kwenye kinyesi chake. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya chui milia wa Bronx Zoo, New York. Watafiti wa Harbin, China, waliwapa wanyama mbalimbali virusi hivyo kwa makusudi: paka walishika, nguruwe, kuku na bata hawakushika. Wisconsin, Marekani, paka watatu waliambukizwa na kila mmoja akafungiwa na mwenzake mzima. Wenzao wote watatu wakapata virusi, na kati ya wote sita hakuna aliyeonekana kuumwa. Lakini kwenye maisha ya kawaida njia ilikuwa kutoka kwa mtu kwenda kwa paka. Kinyume chake ni nadra mno. Kisa cha kwanza kuthibitishwa ni cha daktari wa mifugo wa Songkhla, Thailand, Agosti 2021, aliyepigwa chafya usoni na paka aliyekuwa akimchukulia sampuli puani, na paka huyo alikuwa wa watu waliokuwa wagonjwa wa Uviko. Basi siku nyumbani kwenu mtu akiugua Uviko, yeye ndiye wa kukaa mbali na paka.

Sasa nirudi kwa mgonjwa wako, maana hapo ndipo penye kazi.

Kile kipimo cha damu kimekuambia jambo moja tu: wakati fulani maishani paka huyu alikutana na korona ya paka, na mwili wake ukatengeneza kingamwili. Hakijakuambia kwamba ndiyo inayomuua. Virusi hivi vinakaa utumbini na kutoka na kinyesi. Paka wanaotumia karai moja la mchanga wanaambukizana kwa kukanyaga, kisha kujilamba miguu. Penye paka wengi, kama makao ya wanyama au nyumba ya mfugaji, tisa katika kumi wanaweza kuwa na kingamwili hizo. Paka aliyezaliwa soko la samaki, penye paka kila meza, ningeshangaa kama asingekuwa nazo. Hata simba wetu wanazo: sampuli za damu za simba wa Serengeti na Ngorongoro zilipopimwa miaka ya tisini, zaidi ya nusu zilikuwa na kingamwili za korona ya paka, na simba hao walikuwa wakitembea na kuwinda. Wengi wa paka wanaoambukizwa wanaharisha siku mbili tatu, au hawaonyeshi kitu kabisa.

Shida inaanzia kwa wachache, pengine mmoja katika kumi au pungufu. Ndani ya mwili wa paka huyo virusi vinazaliana kwa mamilioni, na kila vinaponakili maandishi yao vinakosea herufi hapa na pale. Makosa mengi hayana madhara. Mara moja moja kosa linaangukia sehemu inayounda ile miiba, na ghafla kirusi kilichokuwa kinajua kuishi kwenye ukuta wa utumbo tu kinajifunza kuishi ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zinazotumwa kukimeza na kukiua. Sasa askari ndiye amembeba mwizi. Anamzungusha mwili mzima, na kila wanapotua mishipa midogo ya damu inavimba na kuvujisha maji. Maji hayo yakijaa tumboni unaona tumbo kama la paka wako. Yakijaa kifuani, paka anahema kwa shida. Kwa wengine hakuna maji, ila vinundu kwenye figo, ini, macho na ubongo. Ugonjwa huu duniani kote unaitwa kwa herufi tatu, FIP, na unawapenda paka wachanga, wengi chini ya miaka miwili, hasa waliopitia msukosuko: kuhamishwa nyumba, kuhasiwa, kusongamana.

Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na Jean Holzworth, daktari wa hospitali ya wanyama ya Angell huko Boston, na kwa zaidi ya miaka hamsini baada ya hapo jibu letu lilikuwa lile ulilopewa wewe: hauna dawa. Hata chanjo ziligoma. Mwaka 1990 ilijaribiwa chanjo iliyotengenezwa kwa ule mwiba wa kirusi, na paka waliochanjwa wakafa upesi kuliko wasiochanjwa, kwa sababu kingamwili zenyewe ziliwasaidia virusi kuingia kwenye zile chembe nyeupe. Ipo chanjo ya matone ya puani iliyowahi kuuzwa Marekani. Wataalamu wengi hawaipendekezi, nami siipendekezi.

Simlaumu daktari wako kwa jibu hilo. Mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi. Namkumbuka paka mmoja wa rangi ya chungwa, mali ya mvuvi mzee aliyekuja naye ndani ya kikapu cha ukindu, tumbo limejaa kama la huyu wako. Nilimwambia mzee hakuna dawa, na kweli siku ile haikuwepo, nikamchoma paka sindano ya mwisho akiwa mikononi mwake. Mzee alikaa na kile kikapu mlangoni kwangu mpaka alasiri. Ndiyo sababu naandika jibu refu hivi, maana leo jibu limebadilika na habari hazijawafikia wote.

Kabla ya dawa, tuhakikishe ni FIP. Tumbo la paka linaweza kujaa kwa minyoo, moyo mbovu, ini, saratani, na kwa jike, usaha kwenye kizazi. Mwombe daktari achomoe maji kidogo tumboni kwa sindano. Ni kazi ya dakika chache. Maji ya FIP yana rangi ya manjano kama mafuta ya alizeti, mara nyingi yanang'aa, na ukiyashika kati ya vidole viwili yanavutika kama mlenda, kwa sababu yamejaa protini. Kisha kuna jaribio la zamani linaloitwa Rivalta, ambalo halihitaji mashine wala umeme. Chukua bomba la kioo lenye mililita 8 za maji yaliyokenekwa, dondosha tone moja la asidi ya asetiki, au siki nyeupe, changanya, halafu laza juu yake kwa upole tone moja la maji ya tumbo. Tone likiyeyuka na maji yakabaki meupe, uwezekano mkubwa si FIP. Likibaki limejikusanya, likaning'inia juu au kushuka taratibu kama kiwavi cha baharini, shaka inaongezeka. Nasema shaka, maana usaha wa bakteria na saratani ya limfoma navyo vinaweza kuleta jibu hilo.

Kwenye damu aangalie uwiano wa protini mbili, albumini na globulini. Ukiwa chini ya 0.4 unaelekeza FIP. Ukiwa juu ya 0.8, tafuta ugonjwa mwingine. Panapopatikana maabara ya PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kinachopelekwa ni yale maji ya tumbo. Kinyesi hakifai hapa, kwa sababu paka mzima kabisa anaweza kuwa na virusi kwenye kinyesi. Kama vifaa havitoshi Tanga, mwambie daktari wako awasiliane na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Madaktari tunaulizana kila siku, wala si aibu.

Sasa dawa. Katika Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, alikuwepo profesa aitwaye Niels Pedersen aliyeufuatilia ugonjwa huu tangu ujana wake. Kwanza alijaribu dawa ya watafiti wa Kansas iitwayo GC376: paka 20 walitibiwa, karibu wote wakapata nafuu, lakini wengi ugonjwa ukarudi na mwishowe 7 tu ndio waliobaki wazima. Kwa ugonjwa uliokuwa ukiua karibu kila paka, saba ni wengi. Kisha ikaja nyingine, ya kampuni ya Gilead, yenye jina gumu la maabara: GS-441524. Hiyo ndiyo iliyogeuza mambo. Mwaka 2019 Pedersen na wenzake walitoa matokeo ya paka 31 waliougua wenyewe majumbani. Watano walikuwa wameshazidiwa, wakapotea siku za mwanzo. Waliobaki 26 walimaliza wiki 12 za sindano. Kadhaa ugonjwa uliwarudia, wakatibiwa tena, na 25 wakaishi. Nilipoisoma ripoti ile nilimkumbuka yule mzee na kikapu chake.

Inavyofanya kazi si uchawi. Kirusi kinapojinakili kinapanga matofali ya vinasaba moja baada ya jingine. Dawa hii ni tofali la bandia: linafanana na la kweli, fundi analipokea na kuliweka ukutani, na ukuta hauendelei. Hapa ndipo korona mbili zinapokutana kwa kheri. Remdesivir, dawa waliyotundikiwa wagonjwa wa Uviko mahospitalini, ikishaingia mwilini hugeuka kuwa hii hii GS-441524. Dawa ya paka na dawa ya watu ni mama na mwana.

Ila kampuni haikuisajili kwa ajili ya paka, na hilo lilileta miaka ya tabu. Wenye paka duniani kote walianza kununua chupa zisizo na lebo kutoka China, wakielekezana kwenye makundi ya Facebook namna ya kuchoma sindano wenyewe. Siwalaumu hata kidogo. Anayezama hushika chochote. Baadaye milango ikaanza kufunguka. Uingereza, tangu 2021, madaktari wanaweza kuiandika kihalali kama vidonge au maji ya kunywa. Marekani, mamlaka ya dawa ilitangaza Mei 2024 kwamba haitawazuia madaktari kuiandika kwa paka, na ikaanza kutolewa Juni mwaka huo. Mwaka huo huo watafiti wa Munich, Ujerumani, walionyesha kwa paka 40 wenye maji mwilini kwamba siku 42 za dawa ya kunywa zilitosha sawa na zile 84 za zamani, mradi mgonjwa apimwe damu mara kwa mara. Kwa mtu anayehesabu shilingi hiyo ni nusu ya gharama. Lakini usikate siku kwa kuona paka anacheza. Wengi homa inashuka ndani ya siku chache tu na hamu ya kula inarudi, na hapo ndipo mwenye paka anaposhawishika kuacha.

Kwa hiyo ongea na daktari wako kuhusu kuipata dawa hii kwa njia za halali. Mkiipata, paka apimwe uzito kila wiki kwa mizani ileile, kwa sababu kipimo cha dawa kinakwenda na kilo zake, na paka anayepona anaongezeka upesi. Dozi aliyoanza nayo akiwa na kilo mbili haimtoshi akifika tatu, na dozi ndogo ndiyo inayokaribisha ugonjwa kurudi. Ipo pia molnupiravir, kidonge cha Uviko cha binadamu, ambayo imesaidia paka wengi, ila nayo ni ya kupangwa na daktari. Na nakuomba sana: homa isikufanye umpe panadoli. Paracetamoli inaua paka, hata kipande kidogo.

Kuhusu wale wawili wengine. Kwa sehemu kubwa ya dunia FIP yenyewe haitoki paka kwenda kwa paka. Kinachotoka ni ile korona ya kawaida ya utumbo, na hao wawili bila shaka walishaipata zamani kwa kutumia karai moja. Kumtenga mgonjwa sasa hakutawasaidia, ila kutamwongezea mgonjwa huzuni. Kuna kisa kimoja kilichotushtua sote, nacho ni cha kisiwa cha Kupro. Mwanzoni mwa 2023 madaktari wa Nicosia walianza kupokea paka wa FIP kwa makundi, wa kila umri. Miaka miwili iliyotangulia visa vilivyothibitishwa kwa PCR vilikuwa 3, kisha 4. Mwaka huo, hadi Agosti, vilikuwa zaidi ya 150. Habari zilisambaa kwamba paka 300,000 wamekufa. Chama cha madaktari wa mifugo cha huko kilikadiria karibu 8,000, nami naamini zaidi hesabu hiyo. Watafiti wakishirikiana na Taasisi ya Roslin ya Edinburgh waligundua kwamba korona ya paka ilikutana na korona kali ya mbwa ndani ya mnyama mmoja, ikachukua mwiba wa ile ya mbwa, na kirusi hicho kipya, FCoV-23, kinaonekana kuenea moja kwa moja kutoka paka mmoja hadi mwingine. Serikali ya Kupro iliruhusu vidonge vya Uviko vilivyobaki kwenye maghala ya hospitali wapewe paka. Hata kirusi hicho hakikuambukiza watu. Paka wako wa Tanga hajatoka Kupro, kwa hiyo usiogope kwa ajili hiyo. Nimekitaja kwa sababu huenda umekutana na habari zake mtandaoni.

Unachoweza kufanya leo ni usafi wa karai. Kila paka awe na lake na liwepo moja la ziada, mbali na sahani za chakula. Kinyesi kiondolewe kila siku, mara mbili ukiweza. Karai lioshwe kwa sabuni, lipitishiwe jiki iliyochanganywa na maji, lisuuzwe vizuri na kuanikwa juani, maana paka akilamba jiki nayo ni sumu. Virusi vikikauka na uchafu vinaweza kudumu wiki kadhaa, karibu saba, kwa hiyo usilete paka mwingine nyumbani kwa miezi miwili. Huyo mgonjwa mpe chochote anachokubali: samaki aliyechemshwa bila miiba wala chumvi, supu yake, dagaa waliolowekwa. Kipashe moto kidogo ili harufu itoke, kwani paka asiyesikia harufu hali. Maji ya tumboni yasichomolewe yote kila siku kama hahemi kwa shida, yana protini zake na anazihitaji.

Jioni ya leo nifanyie jambo moja. Mkalishe karibu na taa, mtazame machoni taratibu. Angalia kama rangi ya jicho moja imebadilika, kama kuna ukungu au damu ndani, kama mboni mbili hazilingani. Halafu mshushe sakafuni umtazame akitembea: anayumba, miguu ya nyuma inamponyoka, kichwa kinatetemeka? Ukiona lolote kati ya hayo, mwambie daktari kabla hajapanga dozi, kwa sababu virusi vikishafika jichoni au kwenye ubongo dawa inapaswa kuwa nyingi zaidi ili ivuke kuvifuata huko. Kisha niandikie uzito wake, rangi ya yale maji, na majibu ya albumini na globulini, tuendelee kutoka hapo.